Sarajevo kwa njia ya mikono: namna ya kupanga safari ya ufundi na utamaduni

Wageni wengi huimaliza Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, kwa siku moja na nusu. Wanasimama kando ya daraja, pale ambapo Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, aliuawa kwa risasi tarehe 28 Juni 1914, wanapiga picha penye bomba la maji la Sebilj, wanakula sahani moja ya ćevapi (nyama ya kusaga ya kuchoma), kisha wanapanda basi la Mostar. Inawezekana, kwa sababu mji wa kale unazungukika kwa miguu ndani ya saa moja. Ila huu ni mji wa mafundi, na mitaa ya Baščaršija, soko lake la kale, bado ina majina ya kazi zao: Kazandžiluk ya wafua shaba, Kujundžiluk ya masonara, Sarači ya mafundi wa ngozi na matandiko ya farasi. Ushauri wetu ni huu: chagua kazi moja ya mikono, itengee siku mbili, na safari yote nyingine uizungushe humo. Siku 5 zinatosha: tatu mjini, moja katika mji mdogo wa Konjic, moja mlimani.

Majira mazuri ni Mei hadi katikati ya Juni, na tena Septemba hadi katikati ya Oktoba. Julai na Agosti hujaa wageni kutoka nchi za Ghuba, hasa kitongoji cha Ilidža, na katikati ya Agosti tamasha la filamu lililoanza mwaka 1995 hupandisha bei za vyumba. Mafundi nao huwa wameshughulika na wateja na hawana muda wa kufundisha mtu. Desemba na Januari kuna tatizo la aina nyingine. Mji umo bondeni, watu wanapasha nyumba joto kwa makaa ya mawe na kuni, na siku zisizo na upepo moshi hukwama juu ya paa. Mwenye pumu asiende miezi hiyo. Ukungu nao huzuia ndege kutua, kwa hiyo ukisafiri wakati huo acha siku moja nzima kabla ya ndege yako ya kuunganisha, la sivyo utaikosa.

Hati, pesa na plagi

Bosnia na Herzegovina haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika eneo la Schengen, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Mtu ana viza ya Schengen ya kuingia mara moja, anatua Zagreb au Dubrovnik, anavuka kwenda Sarajevo akidhani bado yumo humo humo. Kroatia imo Schengen tangu Januari 2023. Ukivuka mpaka wake umetoka, na viza yako ya mara moja imekwisha. Kurudi huwezi. Njia iliyo salama kwa anayetoka Afrika Mashariki ni kupitia Istanbul au Dubai moja kwa moja hadi Sarajevo. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo aulize masharti ya viza kwenye ubalozi wa Bosnia mapema, na ayapate kwa maandishi, maana wa kwanza kukuzuia huwa ni mfanyakazi wa shirika la ndege kule unakotokea.

Ukilala hotelini, hoteli hukuandikisha polisi yenyewe. Ukipanga nyumba ya mtu binafsi, mkumbushe mwenyeji siku ileile ya kwanza na uombe karatasi ya uthibitisho.

Fedha ni marka, inayoandikwa KM. Imefungwa kwenye yuro: yuro 1 ni KM 1.95583, hivyo gawa kwa mbili kichwani na hutakuwa umekosea sana. Mafundi wanataka taslimu, tena noti ndogo. Marka usizirudishe nyumbani. Nje ya Bosnia karibu hakuna anayezibadilisha. Plagi ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo mwenye chaja ya pini tatu nene za kwetu abebe adapta. Na laini ya simu ya nchi za Umoja wa Ulaya hapa hutozwa kama ya ugenini. Nunua ya huku.

Kuhusu malazi neno moja tu: angalia mwinuko kabla ya kuangalia picha. Kovači, Vratnik na Bistrik ni mitaa mizuri, lakini kwenye ramani nyumba iliyo "mita 400 kutoka Sebilj" inaweza kuwa juu ya kilima cha kukata pumzi, na teksi hazifiki kila kichochoro. Mwenye mizigo mizito akae bondeni, karibu na njia ya tramu namba 3, inayotoka Baščaršija hadi Ilidža.

Kazandžiluk: kupata saa mbili za fundi

Kazandžiluk ni kichochoro kifupi, hatua chache kutoka Sebilj. Maduka mengi pale yanauza. Yanayofua ni machache. Tofauti inaonekana sakafuni. Penye fundi pana fuawe, pana gogo la mti lililoliwa na nyundo kwa miaka, pana vipande vya shaba chini ya meza. Penye rafu safi na vyombo hamsini vinavyofanana kama mapacha, vitu vimetoka kiwandani, na mara nyingi si kiwanda cha Bosnia.

Nenda siku ya kwanza asubuhi, mnamo saa tatu, kabla vikundi vya watalii havijafika. Mwite fundi *majstore*, ndiyo heshima yake. Usianze na bei ya somo. Shika kitu mkononi, uliza kimefuliwa hapa au kimeletwa, uliza nani amekitia nakshi. Fundi akiona unatazama kazi, mazungumzo yatafika yenyewe. Kisha kubalianeni mambo manne kabla ya kugusa nyundo: mtatengeneza nini, kwa saa ngapi, bei inajumuisha shaba au la, na kazi ni yako kuondoka nayo. Usipange somo mchana wa Ijumaa; baadhi yao hufunga kwa ajili ya sala.

Kwa mara ya kwanza omba bamba bapa dogo, upana wa kiganja. Usikubali chombo cha mviringo hata ukishawishiwa: kwenye ubapa jicho na mkono vinakwenda pamoja, kwenye mviringo nyundo huteleza. Kazi yenyewe huenda hivi. Bamba huwekwa juu ya gogo. Mchoro hupigwa kwa penseli au kalamu ya chuma, pamoja na duara la bikari likiwa pambo ni la Kiosmani lenye majani na nyota. Tindo hushikwa kwa vidole vitatu, imeinama kuelekea kwako, na nyundo nyepesi huigonga mapigo mafupi ya haraka. Kila pigo tindo inasogea milimita moja hivi bila kuinuliwa. Mstari mmoja safi ni mapigo mengi madogo yaliyoungana.

Makosa ni yaleyale kwa kila mwanafunzi. La kwanza, kupiga kwa nguvu: bamba linajikunja kama bakuli na mstari unakuwa na mashimo. La pili, kutazama nyundo badala ya ncha ya tindo. Mstari unapotea njia. La tatu, kusimamisha tindo wima mno, inachimba na kukwama. Bamba likianza kuwa gumu na kurudisha nyundo, si kosa lako. Shaba ikifuliwa hukaza. Fundi ataipasha moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, aizamishe majini, nayo italainika upya. Mwombe akuonyeshe hatua hiyo hata kama bamba lako halijaihitaji.

Kitu kingine cha kuomba kuona ni kupaka bati, kama siku hiyo kuna chombo cha kupakwa. Shaba tupu haifai kwa chakula, hasa chenye asidi, kwa hiyo ndani ya kila džezva (kibirika cha mpini mrefu cha kahawa) hupakwa bati. Chombo husafishwa, hupashwa moto, hunyunyiziwa chumvi ya *nišador* inayoondoa kutu, kisha bati lililoyeyuka hupanguswa kwa pamba kuta zote kwa mkono mmoja wa haraka. Inachukua dakika chache, na moshi wake ni mkali. Simama mlangoni.

Ukinunua džezva, ijaribu hivi. Beba sumaku ndogo: ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Tazama ndani: bati la kweli lina weupe wa fedha usio na mng'aro wa kioo, na utaona alama za mpanguso. Tazama nje: alama za nyundo za mkono hazilingani, za mashine zinafuatana sawasawa. Pima uzito, ukingo ukikunjika kwa kidole gumba, iache. Na kama jikoni kwako unatumia jiko la induksheni, jua kabisa kwamba shaba haitapata moto juu yake.

Maganda ya mizinga na kalamu za wino zilizotengenezwa kwa maganda ya risasi, vyote vimetiwa nakshi, utaviona kila duka. Ni ufundi wa kweli, uliokua baada ya mji kuzingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996, siku 1,425. Lakini walinzi wa uwanja wa ndege hawatazami nakshi, wanatazama umbo la risasi. Usizitie kwenye mkoba wa mkononi, na hata kwenye sanduku kubwa uliza shirika la ndege kwanza.

Kahawa, kwa vipimo

Mtu wa pwani aliyezoea kahawa chungu na kashata hatapata taabu hapa, ila utaratibu ni mwingine na watu wanaujali. Usiiite kahawa ya Kituruki. Kwa watu wawili chukua maji mililita 200 na kahawa iliyosagwa laini kama unga, gramu 15 hivi, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyojaa.

Chemsha maji kwenye chombo kingine. Weka kahawa kavu ndani ya džezva na uipashe juu ya moto mdogo sekunde kumi mpaka kumi na tano, harufu ikianza kupanda inatosha. Mimina maji yanayochemka, lakini bakiza kiasi cha finjani nusu. Rudisha motoni, povu litapanda. Itoe džezva kabla povu halijamwagika, liache lishuke, kisha irudishe mara moja zaidi. Mwisho mwagia yale maji uliyobakiza ili machicha yazame, na ungoje dakika mbili.

Mkahawani utaletewa sinia yenye džezva, finjani tupu, sukari ya vipande, glasi ya maji na kipande cha *rahat lokum* (kitamu laini cha sukari). Anza kwa kuchota povu kwa kijiko na kulitia kwenye finjani, kisha mimina polepole. Sukari wengi hawaitii ndani: huchovya kipande, hukimega kwa meno, na hunywa kahawa juu yake. Usikoroge kilichomo ndani ya džezva mezani. Machicha yakiamka, umeharibu. Kukosa povu maana yake kahawa imechakaa au imesagwa chenga. Na nyumbani, kosa linaloua džezva nyingi ni kuiacha tupu juu ya moto wa gesi: bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, na gesi huzifika upesi. La pili ni kuisugua kwa waya wa chuma. Wekundu wa shaba ukitokeza ndani, acha kuitumia mpaka ipakwe upya.

Chakula kingine kifupi tu. Ćevapi huagizwa kwa idadi, tano au kumi, ndani ya mkate wa *somun*. *Burek* hapa ni ya nyama pekee. Ya jibini ni *sirnica*, ya spinachi *zeljanica*, ya viazi *krompiruša*, zote huuzwa kwa uzito. Ukiomba "burek ya jibini" utahudumiwa, pamoja na mhadhara. Sehemu nyingi za Baščaršija hupika halali na haziuzi pombe.

Saa ambayo Mswahili ataielewa

Kando ya msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa miaka ya 1530 hadi 1531, umesimama mnara wa saa uitwao *Sahat-kula*. Watalii huuona na kudhani umeharibika, kwa sababu mishale yake haikubaliani na simu. Hauna ubovu wowote. Unahesabu kutoka machweo: jua likizama, saa ni kumi na mbili kamili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi, isipokuwa jambo moja ambalo karibu na ikweta hatulioni. Sarajevo jua huzama karibu saa mbili na nusu usiku mwezi Juni, na saa kumi na robo jioni mwezi Desemba. Ndiyo maana mtu maalumu, *muvekit*, hupanda mnarani mara kwa mara kuirekebisha mitambo hiyo iliyoletwa kutoka London karne ya 19. Kama umezoea kupanga siku kwa "kabla ya magharibi", kumbuka hilo: jioni ya Desemba inakujia mapema mno, na mwanga wa kuchora au kupiga picha hauzidi saa chache.

Msikitini, mtalii hulipa kiingilio na hukaribishwa nje ya nyakati za sala. Anayekuja kuswali huingia bure. Wanawake wafunike nywele. Ukiwa mjini mwezi wa Ramadhani, panda ngome ya Žuta tabija nusu saa kabla ya futari. Mzinga hupigwa pale juu, taa za minara huwaka bondeni, na wenyeji huja na chakula chao. Nawe nunua somun ya Ramadhani yenye habasoda, ambayo foleni yake hurefuka kadiri magharibi inavyokaribia.

Kwa wenye daftari la kuchora: mwanga wa asubuhi huangaza vizuri Vijećnica, ukumbi wa mji uliofunguliwa 1896, ukateketezwa kwa mizinga Agosti 1992 na vitabu vya Maktaba ya Taifa ndani yake, na ukafunguliwa tena Mei 2014. Mchana kaa ua wa Morića Han, kuna kivuli na meza. Bustani ya Zemaljski muzej, jumba la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1888, ina *stećci*, mawe makubwa ya makaburi ya Zama za Kati yenye nakshi nyepesi. Ni mahali bora pa kufanya mazoezi ya kuhamisha mchongo kwenye karatasi.

Habari za vita usizifungue wewe karakanani. Fundi akitaka, atasema. Alama nyekundu kwenye lami ni mahali ambapo makombora yaliua watu. Zunguka, usizikanyage kwa ajili ya picha. Kumbukumbu ya kwenda kuona ni handaki la Butmir, lililochimbwa 1993 chini ya uwanja wa ndege, urefu wa takriban mita 800. Kipande kifupi bado kinapitika, na mrefu atainama. Tramu namba 3 hadi mwisho, Ilidža, kisha basi au teksi. Siku hiyohiyo malizia Vrelo Bosne, chemchemi ya mto Bosna, kwa kutembea kilomita kama 3 chini ya miti ya Velika aleja.

Konjic na milima

Konjic ndiyo safari ya siku moja yenye faida kubwa kwa mtu wa ufundi. Uchongaji wake wa mbao uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2017, na familia za wachongaji bado wanafanya kazi na kuonyesha vyombo vyao. Anayejua milango ya Lamu au Unguja atapata mengi ya kulinganisha: hapa mchongo ni mfupi na wa kurudiarudia, juu ya mbao za mwalnati au mepo, na hufunika samani nzima, meza na viti, si mlango pekee. Piga simu au andika kabla ya kwenda, kwani karakana si duka na haina saa za duka. Treni ni bora kuliko basi kwa ajili ya njia yake ya milimani, lakini safari kwa siku ni chache na ratiba hubadilika. Hakikisha treni ya kurudi kabla ya kununua tiketi ya kwenda.

Ukifika Konjic usiku wa kuamkia, unaweza pia kuingia ARK D-0, handaki la kujikinga na mabomu ya nyuklia alilojengewa Tito, kiongozi wa Yugoslavia, kwa siri kati ya 1953 na 1979. Huingii peke yako, ni kwa kikundi chenye kiongozi na saa iliyopangwa. Vaa koti hata Julai. Tangu 2011 limekuwa likitumika pia kwa maonyesho ya sanaa ya kisasa, na kazi nyingi zimeachwa humo vyumbani, kati ya simu na vitanda vya jeshi.

Treni ileile huendelea Mostar. Daraja lake la 1566 lilibomolewa Novemba 1993 na kufunguliwa tena Julai 2004. Lala huko usiku mmoja au uache. Mchana wa kiangazi huwezi hata kusimama kwa wingi wa watu.

Kwa wafumaji na wanaopenda sufu, nenda Lukomir, kijiji cha juu ya mlima Bjelašnica karibu mita 1,500, ambako wanawake huuza soksi na glavu walizofuma wenyewe. Hakuna basi la abiria. Tafuta gari lenye kiongozi, au tembea kutoka Umoljani, kama saa tatu za mguu. Theluji hufunga barabara majira yote ya baridi. Bei usiivute sana, jozi moja ni kazi ya jioni nyingi.

Mlima Trebević uko karibu zaidi: gari la waya lililofunguliwa upya Aprili 2018 hukupandisha kutoka mjini, na juu kuna njia ya zege ya mbio za bobsled za Olimpiki ya 1984, sasa imejaa michoro ya rangi. Lakini milima yote hii ilikuwa mstari wa vita, na mabomu ya ardhini hayajaisha nchini. Kaa kwenye njia iliyowekwa alama au lami. Usikate mkato, usiingie nyumba iliyobomoka, usijifiche kichakani hata kwa haja ndogo. Kibao chekundu chenye fuvu maana yake ni rudi ulikotoka kwa nyayo zako zilezile.

Siku ya kuondoka, kama unaendelea Belgrade, soma tiketi yako vizuri. Sarajevo ina stesheni mbili za mabasi. Kubwa iko kando ya stesheni ya treni, lakini mabasi mengi ya Serbia huondokea Istočno Sarajevo, upande wa pili wa mji. Trolibasi namba 103 hukufikisha Dobrinja, kisha unatembea mita mia chache. Au mwandikie dereva wa teksi jina zima kwenye karatasi, *Autobuska stanica Istočno Sarajevo*, na utoke dakika 45 kabla.